Na Yeye Atunge

Siku ya tatu ya Idi, saa nne usiku, mdogo wangu alinipigia simu kuniuliza kama najua kuandika barua ya kuomba radhi. Nikadhani amemkosea binti wa watu.

"Ya ofisini, dada," akasema. "Wanataka iwe na lugha. Wewe si ndiye unayesomea mambo ya zamani?"

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu nyimbo za kejeli katika siasa za Pwani. Kwa miaka miwili nimekuwa nikisoma habari za watu walioingia matatani kwa sababu ya nyimbo. Sikuwahi kufikiri kwamba mmoja wao atakuwa mtoto wa mama mdogo, wala kwamba mimi ndiye nitakayekaa chini kuandika kwa niaba yake kwamba hatarudia tena.

Habari yenyewe ni hii. Mdogo wangu anaendesha bodaboda Msata, pale kwenye makutano ambapo barabara ya kutoka Bagamoyo inaikuta ile ya Chalinze kwenda Segera. Usiku anatengeneza midundo kwa kompyuta kuukuu aliyoinunua kwa mkopo wa kikoba cha mama yake. Diwani wa kata moja ya upande ule, ambayo sitaitaja, alikuwa amealikwa redioni kuzungumzia maji. Mtangazaji, kwa adabu zote, akamuuliza maji yatatoka lini. Mheshimiwa akajibu kwamba mchakato unaendelea. Akaulizwa tena kwa njia nyingine, akasema mchakato uko katika hatua nzuri. Akaulizwa kuhusu kisima kilichochimbwa na kuachwa, akasema upembuzi yakinifu umefanyika na sasa ni suala la mchakato. Nimehesabu mwenyewe: mara kumi na moja "mchakato", mara nne "upembuzi yakinifu".

Mdogo wangu aliyakata maneno hayo, akayaweka juu ya mdundo wa singeli, akayapanga yaitikiane na sauti ya mtangazaji. Mtangazaji anauliza, "Maji lini?" na diwani anaitikia "mchakato, mchakato, mchakato" kwa kasi ambayo binadamu hawezi kuisema. Haifiki dakika mbili. Hakuongeza neno hata moja la kwake. Kwa siku nne wimbo ule ulizunguka kwenye simu za madereva, makondakta na wauza mahindi ya kuchoma, kisha akaitwa ofisini. Hakupigwa, hakuwekwa ndani. Aliambiwa aufute, aandike barua ya kuomba radhi, vinginevyo suala lake litapelekwa mbele. Nadhani "mbele" ndilo neno linalotisha zaidi katika Kiswahili cha ofisi, kwa sababu hakuna anayekwambia mbele ni wapi.

Asubuhi nikapanda basi linalopita Bagamoyo. Kutoka mjini Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64 za lami, unavuka Ruvu, unapita Kiwangwa kwenye mananasi, na kama dereva hana haraka unafika umeshamaliza nusu nanasi na kujichafua mikono. Nilimkuta bibi kibarazani, anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kumtoa mume wetu jela?"

Mume wetu ni mdogo wangu. Kwa Wakwere, kama ilivyo kwa watu wengi wa Pwani, mjukuu na bibi ni watani, na utani huo una ruhusa zake. Nikamweleza bibi yote, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amesimuliwa nusunusu tu. Akauliza swali moja la mwanasheria: "Kamsingizia?"

"Hapana bibi. Ni maneno ya diwani mwenyewe."

"Sasa kosa lipi?"

"Kayawekea ngoma."

Bibi akaweka ungo chini akacheka mpaka akajifuta macho kwa upande wa khanga. Halafu akasema, kama mtu anayeshangaa kwa nini watu wazima wamekaa kikao kwa jambo dogo hivyo: "Si na yeye atunge?"

Nimeandika kurasa mia na kitu za tasnifu, na sina uhakika kama zinasema zaidi ya hapo.

Ujanani bibi alikuwa mwimbaji wa ngoma, na katika ngoma alizozijua yeye, kijembe kilikuwa na masharti. Kundi moja linaimba, kundi la pili linasikiliza, linakwenda nyumbani kuuguza, linarudi na jibu. Aliyeimbwa akishindwa kujibu, ameshindwa. Akienda kushtaki kwa jumbe, ameshindwa mara mbili, na hilo nalo litatungiwa wimbo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo ambaye Wajerumani walimpeleka Berlin kufundisha Kiswahili, ameandika kwa kirefu habari za ngoma katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa mwaka 1903. Ukikisoma unaona jinsi ngoma ilivyokuwa sehemu ya maisha ya mji: watu hutumia mali kwayo, hushindana kwayo, hutafuta heshima kwayo na huipoteza humo humo.

Bagamoyo wenyewe ulikuwa mji wa kusemana. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka na misafara kutoka bara kwa maelfu, wakakaa wiki na miezi wakisubiri mizigo ya kurudi nayo, na katika kuishi huko na wenyeji ndimo ulimokomaa utani unaotajwa hadi leo. Mtani anaweza kukwambia msibani, mbele ya maiti, jambo ambalo ndugu yako hathubutu kukwambia faraghani. Haukuwa uhuru wa kujieleza kama unavyoandikwa kwenye katiba. Ilikuwa ruhusa ya pande mbili: leo wewe, kesho mimi.

Kisha ikaja beni. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, kuanzia pwani ya Kenya na kuteremka hadi Tanga, Bagamoyo na Dar es Salaam, vijana walijipanga katika vyama vya ngoma vilivyojigawa Marini na Arinoti, wakavaa sare, wakapiga tarumbeta na kupeana vyeo vya kizungu. Walikuwepo wafalme na magavana katika ngoma hizo. Terence Ranger, aliyeandika historia ya beni mwaka 1975, alikataa kuiona kama kuiga Wazungu tu, na pia hakutaka kuifanya maandamano ya siri. Mimi naona jambo jepesi zaidi: mtu akivaa cheo cha gavana siku ya Jumapili na kukivua Jumatatu, gavana wa kweli hawezi tena kuonekana mkubwa kwa namna ileile.

Nina sababu ya kukaa kidogo kwa Siti binti Saad, kwa sababu nyimbo zake ndizo zinazokaribia zaidi alichofanya mdogo wangu. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, akafa mwaka 1950, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili. Mojawapo ya nyimbo zake zinazojulikana sana ni "Kijiti". Inahusu mauaji ya kweli. Mwanamke mgeni, mjamzito, aliyetoka Dar es Salaam kuja Unguja, aliuawa na mwanamume aitwaye Kijiti, naye Kijiti akavuka bahari kukimbilia bara. Mahakama ya wakoloni ikaishia kuwaadhibu wanawake wenyeji wa marehemu, waliokuja kutoa ushahidi, kwa kosa la pombe. Waliohojiwa ndio waliofungwa. Asiyehojiwa yuko huru.

Siti hakuwa na haja ya kubuni kitu. Mahakama ilikuwa imekwisha kujitungia kichekesho chake. Yeye aliipa sauti na udi, na watu wa Ng'ambo wakakiimba hadi leo kimetufikia. Namna hii ya kejeli, ya kumrudishia mkubwa maneno au matendo yake bila kuongeza chumvi, ni ya zamani kuliko kompyuta. Wamarekani wa kundi la Gregory Brothers walipoanza mwaka 2009 kuzigeuza taarifa za habari na mahojiano ya wanasiasa kuwa nyimbo, walisifiwa kwa uvumbuzi. Mwaka 2011 hotuba ya Gaddafi ya kutishia kuwasaka waandamanaji uchochoro kwa uchochoro iligeuzwa wimbo wa disko ndani ya siku chache, na dunia nzima ikacheza. Teknolojia ilikuwa mpya kweli. Lakini mtu wa Ng'ambo wa miaka ya 1920 angeelewa mara moja mchezo unaochezwa.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Pwani angelielewa haraka: kutuza. Katika taarabu, msikilizaji huinuka, akacheza taratibu hadi kwa mwimbaji, akampa noti kwenye ule mstari unaomgusa. Wakati huo wimbo si wa mwimbaji tena. Ukumbi mzima unamtazama aliyetuza, kisha unamtafuta kwa macho aliyekusudiwa. Kelly Askew, aliyefanya utafiti wake Tanga, amelieleza hili vizuri: kwa kutuza, mtu anasema asichoweza kukisema kwa kinywa chake. Nilipomwona kondakta wa basi la Tanga akimtumia mwenzake wimbo wa mdogo wangu kwa WhatsApp, huku akicheka na kutingisha kichwa, nilimwona mtuzaji. Bahati mbaya, sheria inamwona msambazaji.

Kabla sijafika kwenye sheria, lazima niseme kwamba dola letu linaijua kazi hii vizuri. Mwaka 1992, vyama vingi viliporuhusiwa tena, CCM ilianzisha kikundi chake cha sanaa, Tanzania One Theatre, kikiongozwa na Kapteni John Komba. TOT walikuwa na kwaya, ngoma, maigizo na taarabu, na wakamchukua Khadija Kopa, malkia wa mipasho. Ushindani wao na Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga ulijaza kumbi za Dar es Salaam. Kwa wapinzani wa chama, hawakuwa na huruma. Komba mwenyewe akawa mbunge, na aliendelea kuimba. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kumkejeli mwanasiasa kwa nyimbo ni utovu wa nidhamu ulioletwa na intaneti, huwa namuuliza TOT walikuwa wakifanya nini jukwaani.

Upande wa pili nao haukulala. Mwaka 2001 Profesa Jay alitoa "Ndio Mzee", ambamo anaigiza mgombea anayemwaga ahadi zisizowezekana mbele ya umati unaoitikia kila kitu. Nilikuwa mtoto mdogo ulipokuwa ukipigwa. Nilidhani ni hotuba ya kweli, na nikasubiri ahadi. Miaka kumi na minne baadaye, Joseph Haule, ndilo jina lake, akachaguliwa mbunge wa Mikumi. Joseph Mbilinyi, Sugu, alikuwa amemtangulia bungeni mwaka 2010 kutoka Mbeya. Majibizano yalikuwa yamefika mbali: waliowaimba wanasiasa wakawa wanasiasa, na wakaanza kuimbwa wao. Mpaka hapo, kanuni ya bibi ilikuwa bado inafanya kazi.

Halafu Machi 2017.

Mwezi huo naurudia kila mara, kwa sababu mambo yalikwenda kama mtu anayefungua kurasa upesi mno. Usiku wa tarehe 17, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliingia katika ofisi za Clouds akiwa na watu wenye silaha. Waziri wa habari, Nape Nnauye, akaunda kamati. Tarehe 23 akaondolewa uwaziri, na siku hiyohiyo, alipokwenda kuzungumza na waandishi wa habari, mtu mmoja akamtolea bastola mbele ya kamera. Harrison Mwakyembe akachukua wizara. Tarehe 26, Ney wa Mitego akakamatwa Morogoro kwa sababu ya wimbo wake "Wapo", uliouliza maswali mengi kuhusu namna nchi ilivyokuwa ikiendeshwa. Siku iliyofuata waziri mpya akatangaza Dodoma kwamba Rais Magufuli ameagiza msanii aachiwe. Rais alikuwa ameupenda wimbo. Alishauri tu uboreshwe, waongezwe na waovu wengine, wakiwemo wakwepa kodi.

Wakati ule watu walishangilia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Sasa nikiusoma ule ushauri naona kitu kingine. Wimbo uliokwenda kwa mkubwa ukiwa na maswali ulirudi ukiwa umesahihishwa, kama insha ya darasa la saba. Hilo halikuwa jibu. Lilikuwa kuumeza. Museveni aliwahi kufanya hivyo kwa ustadi zaidi: mwaka 2010 alighani vibwagizo vya Kinyankole mkutanoni, vikawekewa mdundo, na badala ya kukasirika akaufanya wimbo huo wa kampeni yake. Ukicheka unampigia kura. Mkubwa anayeicheza ngoma ya kumcheka anahitaji kutazamwa kwa makini sana, hasa miguu yake.

Siku kumi baada ya Ney kukamatwa, tarehe 5 Aprili, Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana kutoka studio za Tongwe Records, wakaonekana tena siku tatu baadaye. Roma alizungumza na waandishi wa habari, waziri akiwepo pembeni. Nimeyatazama mahojiano yale mara nyingi kwa ajili ya tasnifu. Sijawahi kusikia mtu aliyeyawekea ngoma.

Na katika kipindi hichohicho Nikki Mbishi alitoa "I'm Sorry JK", wimbo wa kumwomba radhi Jakaya Kikwete, rais aliyestaafu. Jina lenyewe lilitosha: ukimwomba radhi aliyeondoka, umemsema aliyekuja. Baraza la Sanaa la Taifa likaukataza. Fikiria hapo: barua ya kuomba radhi imekatazwa kwa kuwa ni kejeli.

Msata wimbo huo ulikuwa na ladha ya pekee. Kikwete ni mtu wa huku. Amezaliwa Msoga, upande wa Chalinze, mwaka 1950, na kabla ya urais alikuwa mbunge wa Chalinze. Huku hatajwi kwa woga. Mjomba wangu, ambaye kwa mila zetu ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada zake, na ndiye aliyemsindikiza mdogo wangu ofisini, alikaa nasi jioni ile akasema lile ambalo nimelisikia kwa watu wengi: "Enzi za JK hii isingetokea. Yule alikuwa anachekwa, naye anacheka."

Nilinyamaza kidogo, kwa kuwa mjomba ni mjomba. Kisha nikasema, polepole.

Ni kweli Kikwete alicheka. Alichorwa, aliigizwa na wachekeshaji, akaimbwa, na wengi walilala majumbani kwao. Lakini Julai 2012 MwanaHalisi lilifungiwa kwa muda usiojulikana. Septemba 2013 Mwananchi likafungiwa siku 14 na Mtanzania siku 90. Januari 2015 The EastAfrican lilizuiwa kuingia nchini, siku chache baada ya kuchapisha katuni ya Gado iliyomchora Kikwete amejilaza kama mfalme wa Kirumi, akihudumiwa na wanawake waliopewa majina ya maovu ya utawala wake. Sababu iliyotolewa ilikuwa usajili. Gazeti lilikuwa limeuzwa Tanzania kwa miaka 20 na usajili wake haukumsumbua mtu. Na Gado, Godfrey Mwampembwa, si mgeni aliyetutukana kutoka Nairobi. Ni mtoto wa Dar es Salaam.

"Na ile sheria, mjomba," nikasema. "Ya makosa ya mtandao. Ilisainiwa mwaka 2015. Na nani?"

Mjomba hakujibu. Akanywa chai.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilipita miezi michache kabla ya Kikwete kuondoka Ikulu. Kifungu cha 16 kinahusu taarifa za uongo; adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Magufuli hakuitunga. Aliikuta mezani, imenolewa. Mwaka 2018 zikaongezwa kanuni za maudhui ya mtandaoni, na mwaka huohuo, Februari, Sugu akahukumiwa miezi mitano kwa maneno ya kumkashifu Rais aliyoyasema mkutanoni. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alishikiliwa baada ya kusambaa kwa video ambayo ndani yake anacheka. Anatazama picha ya zamani ya Rais ndani ya suti kubwa, na anacheka. Walipomfikisha mahakamani, shtaka lilikuwa la laini ya simu isiyosajiliwa kwa jina lake. Kicheko hakikupata kifungu.

Naandika haya bila nia ya kumharibia mjomba kumbukumbu zake. Ninaogopa kitu kimoja tu: tukisema "zamani walicheka", tunaufanya uhuru kuwa tabia ya mtu, kama vile ucheshi wake au upole wake. Akiondoka anauondoa. Ndiyo maana "I'm Sorry JK" ulinichekesha ulipotoka na sasa unanipa shida. Mwimbaji alijua anachofanya. Sisi wasikilizaji ndio tulioichukulia ile radhi kuwa ya kweli.

Mdogo wangu hakuwa na habari na mijadala hii. Alitaka barua.

Kabla ya kuandika nilimwomba mahojiano yenyewe, yote, si yale aliyoyakata. Alikuwa nayo kwenye simu. Ni dakika kumi na nne. Nilisikiliza kwa spika za masikioni nikiwa nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa uani, na kufikia dakika ya tisa nikaacha kutabasamu. Diwani, baada ya michakato yake yote, anaulizwa kwa mara ya mwisho, na sauti yake inabadilika. Anasema fedha ziliombwa na hazijaja. Anasema yeye si mhandisi wala si hazina, na mke wake naye anabeba ndoo. Kisha anajikusanya na kurudi kwenye mchakato.

"Hii mbona umeikata?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Haina mzuka, dada. Inapoza ngoma."

Ni kweli ilikuwa inapoza ngoma. Nilijaribu kumweleza habari za kijana mmoja wa mitaani Nairobi, aliyehojiwa na runinga kuhusu mtu aliyepigwa risasi na polisi na kuwekewa bunduki ya bandia, bonoko, ubavuni. DJ aliyakata maneno yake, yakawa wimbo, nchi nzima ikacheka namna anavyozungumza. Kijana alikuwa shahidi wa mauaji. Alibaki na jina la Bonoko, na ilichukua miaka kabla redio moja haijampa kazi ya utangazaji. Mkasi uleule unaomwumbua mkubwa unaweza kumkata mnyonge.

"Diwani si mnyonge," mdogo wangu akasema.

Hapo nilikosa la kusema, maana alikuwa amesema kweli, na mimi pia. Mtu mwenye ofisi na muhuri, anayeweza kumtisha kijana wa bodaboda kwa neno "mbele", si mnyonge. Lakini yule wa dakika ya tisa alikuwa na jambo la kujibu, na hakupewa nafasi. Na alipoipata nafasi ya kujibu, akaita ofisi. Angeweza kuomba dakika mbili redioni. Angeweza kumfuata mdogo wangu pale stendi akamwambia, wewe kijana, weka na hii sehemu. Nina hakika angeiweka. Angeweza hata, kama bibi alivyosema, kutunga.

Nikaandika barua. Niliiandika kwa simu, kwa lugha yote waliyoitaka: husika na kichwa cha habari hapo juu, kwa heshima na taadhima, nakiri kwamba kitendo changu. Inashangaza jinsi ninavyoijua lugha hii bila kufundishwa. Nilipofika aya ya tatu, vidole vyangu vikaandika vyenyewe: "Napenda kukutaarifu kwamba mchakato wa kuufuta wimbo huo unaendelea, na kwamba upembuzi yakinifu umekwisha kufanyika."

Nikamsomea mdogo wangu. Alianguka chini kwa kicheko. Bibi akataka arudiwe kusomewa, polepole, na kwenye "upembuzi yakinifu" akapiga makofi mara mbili, pa, pa, kama anayetafuta mahali pa kuingilia.

Mjomba ndiye hakucheka. "Na wakielewa?" akauliza.

Nikakaa na lile swali. Nilifikiri juu ya pikipiki, ambayo mkataba wake una miezi saba bado. Nilifikiri juu ya kompyuta na mama mdogo na kikoba. Nilifikiri pia, sitaficha, juu yangu mwenyewe na tasnifu yangu. Nikaifuta ile sentensi. Nikaweka nyingine: "Wimbo huo nimekwisha kuufuta na sitarudia." Fupi, safi, haina pa kupigia kofi.

"Umeitoa ile ya mchakato?" mdogo wangu akauliza.

"Nimeitoa."

"Ndiyo ilikuwa tamu."

Ofisi ilikuwa imesema barua iandikwe kwa mkono. Mdogo wangu akakaa chini ya mwembe na karatasi ya mistari, simu yangu ikiwa imeegemezwa kwenye kikombe, akainakili neno kwa neno, ulimi ukiwa nje kidogo kama alivyokuwa akifanya tangu shule ya msingi. Alichukua muda mrefu kuliko urefu wa barua yenyewe. Alipomaliza akaikunja mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akailamba. Sikuomba kuisoma kabla hajaifunga.